Mtu Akitia Tonge, Shukeni

Mwalimu wetu alikuwa na masharti mengi, na lililowafukuza wengi ni hili: saa nane kamili mlango unafungwa. Saa nane na dakika moja ilikuwa wiki ijayo. Niliwahi kusimama nje ya ukumbi wa mtaa wetu, Jericho, gitaa la besi mgongoni, namwona dirishani akinitazama kama mtu asiyenifahamu. Nikamweleza kwa ishara kwamba mvua ilinizuia mtaa wa Fedha, ninakokaa siku hizi. Akanyoosha kidole kwenye saa ya ukutani, akanipa mgongo. Nilikaa kwenye ngazi saa mbili nzima, nimenuna, nikiwasikiliza wenzangu kupitia ukuta. Alipotoka aliniuliza, "Nani alikuwa akikimbiza mpigo?" Nikamwambia Abdi, kwenye wimbo wa tatu. "Basi hukukosa somo," akasema, akaenda zake.

Ndiyo maana tulipotafuta jina la bendi hatukwenda mbali. Sisi ni Saa Nane.

Kila mtu mtaani alimwita Mwalimu, ingawa hakuna shule iliyowahi kumwajiri hata siku moja, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa mpiga tarumbeta. Kwa miaka mingi alipiga katika bendi za hoteli, zile za chakula cha jioni, ambako wageni hukata nyama huku wewe umesimama pembeni, umevaa koti jeupe, ukipiga chacha. Hoteli zilipogundua kwamba mashine haili wala haiombi likizo, akarudi mtaani na sanduku lake la tarumbeta, akaomba ukumbi kila Jumamosi, akaanza kumfundisha yeyote mwenye masikio. Mimi nilikuwa nashona mikoba ya ngozi Kariokor, kazi ambayo baba aliniachia mimi binti yake, na bado naishona. Lakini Jumamosi nikawa mpiga besi, na huyo mpiga besi ndiye ninayempenda zaidi kati yetu wawili.

Kwake hukugusa chombo kabla ya kuimba sehemu yako kwa mdomo. "Mkono una uongo," alisema. "Mdomo ukikosea, kila mtu anasikia." Nilizunguka Kariokor wiki tatu nikisema dum, du-dum, dum, mpaka wauza viatu vya akala wa kibanda cha jirani wakaanza kuniitikia. Abdi, mpiga ngoma wetu, kijana wa Eastleigh aliyekuja siku ya kwanza na fimbo za ngoma mfukoni na maringo mabegani, yeye aliimbishwa mwezi mzima. Jumamosi moja mama yake akatokea mlangoni, buibui na mkoba, uso umekunjamana.

"Samahani, Mwalimu," akasema. "Huyu mtoto huku mnamfanya nini? Nyumbani anaongea na sahani."

Mwalimu alimvutia kiti, akammiminia chai, akamwomba radhi kwa niaba ya sahani. Kisha akamuuliza, kwa adabu kabisa, kama anakumbuka wimbo wowote wa harusi za kwao. Mama akakataa. Akakataa mara ya pili kwa sauti ya chini zaidi. Ya tatu akaimba, ameshika mdomo kwa mtandio, na Mwalimu akawa anapiga makofi polepole kwa mpigo wa rumba, na makofi yakakaa chini ya ule wimbo wa Kisomali kana kwamba yamekuwapo siku zote. Wimbo huo ni wa pili kwenye albamu yetu. Mama Abdi anawaambia watu kwamba ameutunga yeye, na kwa kweli sina la kumpinga.

Hivyo ndivyo tulivyochanganya. Hatukukaa mezani tukaamua kwamba hapa tutie jazi, pale salsa, kule chakacha. Aliyeingia mlangoni kabla ya saa nane aliingia na chake. Tulipoalikwa kwenye kituo kimoja cha redio, mtangazaji, msichana mchangamfu sana, alimuuliza, "Sasa Mzee, hii mnapiga ni jazi, ni ya Walatino, ama tuiite nini?"

"Ni ya Jumamosi," Mwalimu akajibu.

Msichana akacheka, akangoja, akaona hakuna kingine kinachokuja. Tulipotoka nje nilimlaumu. Nilimwambia ametunyima nafasi ya kujieleza. Akaniuliza, sukuma wiki na nyama zikikutana kwenye sahani, ni nani huuliza zimetoka wapi? Nikasema watu wa redio ndio huuliza. Akasema basi watu wa redio wana njaa, na tukaenda kula.

Kula kwake lilikuwa jambo zito. Hakuna aliyepiga kwa njaa katika ukumbi ule. Birika la chai lilikuwapo, na mandazi ya Mama Pendo, mkewe, ambaye alikuwa na kibanda Muthurwa na hakuwahi kukanyaga kwenye mazoezi yetu. Mandazi yalikuja yamefungwa kwenye kitambaa, yeye mwenyewe hakuja. Tulimjua kwa iliki tu.

Watu huniuliza kama alikuwa mkali. Alikuwa mkali, na alikuwa kichekesho, na sijui kimoja kilianzia wapi. Alikuja mazoezini na suruali ya suti iliyopigwa pasi hadi mstari wake ungeweza kukukata, na chini yake akala za tairi. "Suti ni ya watu," alisema. "Akala ni zangu." Ndani ya ukumbi alikataza Sheng kabisa. Ukisema "wasee tuanze", unarudi nje unaingia tena kama mtu mzima. Halafu mnatoka, mnafika kwa mama wa mahindi, na unamsikia huyo huyo akipaza sauti, "Rada ni gani, masiz? Nichomee moja fiti, si kama ile mbichi ulinipea juzi!" Tukimtolea macho anatuambia kila mahali pana mlango wake.

Na huyu bingwa wa saa alikuwa, akishika tarumbeta, mtu wa kuchelewa kuliko wote. Noti yake ilifika baada ya yetu, kidogo tu, kama mgeni anayejua ameachiwa kiti. Mwanzoni nilidhani ni uzee. Nikamngoja, na bendi nzima ikaanguka. "Usiningoje," alinifokea. "Wewe wahi. Mimi kuchelewa ndiyo kazi yangu."

Lakini desturi iliyotufanya sisi kuwa sisi ni ya tonge. Aliileta kutoka hotelini. Kule, alisema, mpiga muziki anayejua kazi yake hamnyang'anyi mgeni chakula chake. Mtu akitia tonge mdomoni, nyinyi shukeni, sauti iwe chini. Akimeza na kutabasamu, pandeni kidogo. Kwa hiyo kila Jumamosi mmoja wetu aliketi mbele ya bendi na sahani ya mandazi, kazi yake ni kula tu, na sisi tunapiga huku tumemkodolea macho. Anauma, tunashuka. Anameza, tunapanda. Tuligombania zamu hiyo kama watoto. Abdi alikuwa na mtindo wa kutafuna dakika tano bila kumeza, mpaka tunapiga kwa sauti ya mbu, Mwalimu ametoa macho, na hakuna anayethubutu kucheka. Bendi nyingine mitaani zilitushangaa. Hakuna iliyoweza kushuka pamoja kama sisi. Ilikuwa sifa yetu, na hatukujua kwamba ilikuwa pia ugonjwa wetu.

Maana yeye mwenyewe hakupanda kabisa. Zamu yake ya kupiga peke yake ikifika, alipiga muda wa mtu kunywa funda moja la chai, akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa. Tulikuwa na wimbo wake mmoja, aliutunga yeye, tuliouita Namba Kumi na Moja kwa sababu hotelini nyimbo huitwa kwa namba. Ni wimbo wa kukufanya uache mkasi mezani. Katikati yake kuna nafasi kubwa wazi, ya tarumbeta, na kila Jumamosi aliingia pale, akasema maneno mawili, akatoka. Nilimwambia, "Mwalimu, hiyo nafasi ni yako. Kaa." Akasema, "Watu wameshasikia." Watu gani? Ukumbini tulikuwa sisi tu na birika.

Tulipoanza kuzungumzia albamu, yetu ya kwanza, alifurahi kwa wiki moja. Kisha akaanza kuahirisha. Haijaiva, alisema. Tukangoja. Mara ya pili, haijaiva. Ya tatu, Abdi akamuuliza kama tunapika albamu au makongoro. Mwalimu hakucheka, na hilo likanitia wasiwasi, kwa sababu utani ulikuwa mkali.

Nilijua sababu kwa mama wa mahindi. Mwalimu alikuwa mtu wa kung'ata gunzi kutoka pembe hadi pembe. Siku hiyo nikamwona akipukuchua punje kwa vidole, moja moja, anazipeleka kwenye magego ya nyuma.

"Mwalimu, jino?"

"Jino gani?"

"Hilo usilotumia."

Akanitazama, akatazama mahindi. Akaniambia tusiharibu jioni nzuri.

Asiyepuliza tarumbeta huenda asielewe. Chombo kile chote kinaegemea meno mawili ya mbele. Moja likiondoka, mdomo hauna ukuta wa kusimamia, na mtu wa umri wake hajengi ukuta mpya. Nilikwenda Muthurwa mapema wiki iliyofuata, nikamtafuta kibanda kwa kibanda yule mama niliyemjua kwa iliki. Nilimkuta ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kupita juu ya soko zima. Nilipojitambulisha alinishika mikono yote miwili.

"Ni wewe wa besi? Mwanangu, linaoza. Usiku halali. Daktari alisema litolewe tangu zamani, na yeye kila siku ananiambia ngoja, ngoja. Sasa nimechoka. Ijumaa nampeleka mimi mwenyewe, nimemshika shati."

"Ijumaa hii, mama?"

"Hii."

Ilikuwa Jumatatu. Kumbe hakuwa akiogopa albamu kutoiva. Alijua kwamba siku atakapoipiga ndiyo siku atakapomaliza, na alikuwa akivuta siku hiyo mbali naye kwa maumivu ya kila usiku. Nilikasirika naye. Nilikasirika mpaka nikashona mkoba mmoja mdomo chini. Kisha nikawapigia simu wenzangu wote na kuwaambia kwamba Alhamisi asubuhi tuko studio, tumepanga au hatujapanga, na wimbo wa kwanza kurekodi ni Namba Kumi na Moja. Nyingine zingeweza kungoja. Ule haungeweza.

Studio ilikuwa Buruburu, chumba kilichobandikwa sponji ukutani, na kioo kikubwa, na nyuma ya kioo fundi wa sauti aliyeitwa Kevo, kijana mpole, kofia imegeuzwa nyuma. Mwalimu alikuja amevaa lile koti jeupe la hotelini. Hatukuwahi kuliona. Shavu lilikuwa limevimba kidogo.

Tukapiga. Mwanzo ulikuwa mzuri kuliko siku zote, besi na ngoma zimeshikana mikono, na tukakaribia ile nafasi ya tarumbeta, na sote tukashuka. Mwalimu akapuliza maneno yake mawili kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, akarudi nyuma.

Sauti ya Kevo ikaja kupitia visikizi tulivyovaa masikioni. "Wasee, mbona mnashuka? Hapo katikati siwapati. Turudie, na mzee asimame karibu na maiki."

Tukarudia. Tukashuka. Mara ya tatu Abdi akaapa kwamba hatashuka hata nyumba ikiungua, na mimi nikaapa, na tulipofika pale mikono yetu ikalegea yenyewe, sote, kwa pamoja, kwa ule ustadi uliotupa sifa. Mara ya nne Mwalimu aligusa shavu kabla ya kuanza. Niliona jasho juu ya mdomo wake. Nikajua hatuna mara nyingi zilizobaki, labda mbili, na nikawaza kwamba tutamkosa hivi hivi, tumesimama naye chumba kimoja.

Ndipo nilipoacha kumtazama Mwalimu, nikatazama alichokuwa akitazama yeye. Alikuwa akitazama kioo. Nyuma ya kioo Kevo alikuwa na karatasi ya chipsi mapajani. Mkono mmoja kwenye mashine, mwingine kwenye chipsi. Alikuwa akila tangu asubuhi.

Nilivua vile vya masikioni, nikafungua mlango, nikamwendea.

"Kevo, weka hiyo kitu chini."

"Gani, chipo? Si hii haiwezi ingia kwa rekodi, siz. Kuna kioo."

"Inaingia. Iweke nje kabisa. Futa mikono. Halafu usishike kitu kingine, umtazame tu mzee mpaka amalize."

Maskini alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili, lakini akatii. Akakaa wima, mikono magotini kama mtoto kanisani, macho kwa Mwalimu. Nilirudi nikashika besi. Sikumweleza Mwalimu chochote. Alikuwa ameona yote kupitia kioo, na uso wake ulikuwa umebadilika, sijui kama ni aibu au ni nini. "Anza," akaniambia.

Tulipofika katikati, hatukushuka. Na yeye akaingia, amechelewa kama kawaida yake, na akakaa. Akapita pale alipozoea kutokea, akaendelea. Alikwenda mahali ambapo hatukuwa tumewahi kumsikia, juu, akateremka kwa mpigo wa chacha akatucheka, akapanda tena. Kuna noti moja ilipasuka, jino lilimchoma, nikaona mabega yakiruka, na akaishika ile noti iliyopasuka akaitengenezea njia mpaka ikawa nzuri. Abdi alikuwa akilia huku anapiga, na mimi pia, sioni haya kusema. Alipomaliza alishusha tarumbeta na pale pa kupulizia palikuwa na damu kidogo. Akapafuta kwa leso.

"Hiyo imeiva," akasema.

Kevo baadaye alitaka kuirekebisha ile noti. Tulimwambia aende akale chipsi zake.

Ijumaa jino likang'olewa. Sehemu zilizobaki za tarumbeta Mwalimu alimwachia kijana mwingine wa mtaani, akamwimbisha wiki tano bila huruma, na albamu ikatoka. Inachezwa hapa na pale. Mtu alinitumia ujumbe kutoka Mombasa kwamba ameisikia kwa kinyozi. Lakini Mwalimu mwenyewe hakutaka kuisikia. Kila nikimwambia, alisema wiki ijayo. Nikaona mchezo ule ule wa haijaiva, na Jumapili moja mchana nikatia spika ndogo kwenye mkoba, nikaenda kwake bila kualikwa.

Alinifungulia akiwa na fulana na zile akala. Alikuwa amezoea kuongea mkono ukiwa mbele ya mdomo, kwa ajili ya pengo. Tukaongea habari za mtaa. Nilimuuliza kama ana hamu ya kupiga, akasema asubuhi tu. Tarumbeta ilikuwa juu ya kabati, sandukuni, na juu ya sanduku kulikuwa na sufuria.

"Mwalimu, naiweka," nikasema. "Ukitaka, toka nje."

Hakutoka. Niliweka Namba Kumi na Moja. Ilipofika katikati aliinamisha kichwa akafumba na macho, na hakusogea. Sikusikia mlango. Nilipogeuka nilimwona Mama Pendo amesimama pale, katoka kanisani, kilemba kichwani, biblia kwapani. Alisimama vile vile mpaka wimbo ukaisha.

"Nani huyo?" akaniuliza.

Nikamtazama Mwalimu. Alikuwa bado amefumba macho.

"Ni yeye, mama."

"Yeye nani?"

"Mimi," Mwalimu akasema.

Sikuamini kwamba Mama Pendo alikuwa akiuliza kwa dhati, mpaka nilipoona uso wake. Kumbe hakuwahi kumsikia. Hotelini mke wa mpiga muziki hakuwa na meza. Nyumbani kuta ni nyembamba na majirani wamelala, hakupuliza hata mara moja. Jumamosi yeye alikuwa Muthurwa. Waliishi pamoja maisha mazima, wakalea watoto wanne, na alichokijua juu ya ile tarumbeta ni uzito wa sanduku lake siku ya kufagia.

Aliweka biblia mezani. Akaketi kando ya mumewe.

"Miaka yote hii nakupigia pasi lile koti," akasema, "mimi nikidhani unaenda kazini."

"Nilikuwa kazini, Mama Pendo."

"Hiyo si kazi," akasema, na ile sauti yake ya soko ilikuwa imekwenda sijui wapi. Akanigeukia. "Hebu weka tena, mwanangu. Na uongeze sauti, majirani wasikie."